Mwisho Unaoonekana Kutoka Chini ya Meza

Baba yangu alikuwa karani, mtu wa kalamu mfukoni na viatu vilivyopigwa rangi kila asubuhi, na sikuwahi kumwona akilia ila mbele ya televisheni. Tulikuwa tukiishi Munyaka. Yeye na mama walikuwa wametoka Vihiga kabla sijazaliwa, wakaja Eldoret kutafuta kazi, na kitu cha kwanza kikubwa walichonunua baada ya kitanda kilikuwa ile televisheni. Kaseti ya filamu baba aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Filamu hiyo tuliitazama kila Krismasi baada ya kuku, mpaka utepe wake ukaanza kukwaruza.

Ilikuwa ya nchi ya baridi, na maneno yake hatukuyaelewa hata moja. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo baba alitusomea kwa Kiswahili chake, akiongeza chumvi pale alipoona panahitajika. Hadithi yenyewe ni rahisi. Mtu mmoja anapeleka barua milimani akiwa na farasi. Siku moja dhoruba ya theluji inamfungia huko juu, na farasi anarudi peke yake. Watu wanatafuta, wanachoka. Mwishowe majirani wanakuja nyumbani kwake na vyakula, vile sisi huenda matangani. Mtoto mdogo wa nyumba ile, akiwa amechoshwa na wageni, anaingia chini ya meza, na kamera inaingia naye. Kuanzia hapo hatuoni uso wa mtu yeyote tena. Tunaona viatu tu, na pindo za nguo, na kipande cha mkate kilichoanguka. Tunasikia wakubwa wakinong'ona juu ya mazishi. Halafu mlango unafunguka. Upepo unaingiza theluji kidogo sakafuni. Buti mbili zimesimama pale, kamba zake hazifanani. Minong'ono inakatika. Miguu ya mama, bila viatu, inatoka upande wa jikoni, inakuja haraka, halafu inasimama mbele ya zile buti. Inasimama tu. Filamu inaishia hapo.

Baba alikuwa akilia kila mara, bila sauti, miwani mkononi. Mama alimwambia, "Na wewe ulijua atakuja." Baba alimjibu, "Kujua si kitu."

Nimefikiria sana kwa nini mwisho ule ulitushika hivyo. Nadhani ni kwa sababu uso hatuonyeshwi. Kila mtu pale sebuleni alimvalisha wake zile buti. Mama alimvalisha kaka yake aliyekwenda Kampala akanyamaza. Mimi nilimvalisha baba mwenyewe, ingawa alikuwa ameketi karibu yangu, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuogopa ogopa na kila jioni akichelewa nilikuwa nimeshamzika kichwani.

Baba alifariki mzee, kitandani kwake, nami nikaolewa, nikahamia Kimumu. Ile filamu kijana mmoja wa mjini alinitolea kwenye kaseti akaniwekea kwenye flashi. Binti yangu wa pekee aliipenda tangu akiwa wa kubebwa. Mume wangu ni dereva wa lori, na yeye hakuwahi kuimaliza. Ikifika katikati analala, au anatoka nje kuangalia tairi. "Hiyo muvi ni ya kulia," alikuwa akisema. "Mimi nimelia barabarani imetosha."

Ilikuwa likizo ya Aprili, msimu wa mvua. Alikuwa amebeba unga na mafuta ya kupikia kupeleka Lodwar, barabara ambayo mimi siipendi. Ukishapita Kapenguria unateremka milima, halafu huko chini nchi ni kavu, mito ni mchanga mtupu. Lakini mvua ikinyesha milimani, ile mito inajaa ghafla hata kama pale ulipo jua linawaka. Watu wa huko huiita laga. Lori linaweza kuvuka asubuhi juu ya vumbi, na lingine likifika mchana likute maji yanayofika kifuani.

Alinipigia akiwa Kapenguria.

"Mama, huku kunanyesha kama mtu amesahau kufunga mfereji."

"Usivuke maji."

"Nani amekwambia navuka maji? Wewe pika, mtoto asilale njaa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na baadaye siku hiyo nilikuja kuyapekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Mimi ni fundi wa nguo. Mchana ule nilikuwa kwenye cherehani hapo nyumbani, nikishona sare za shule, na binti yangu alikuwa kwenye kochi na filamu yake. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Kwenye grupu ya wanawake wa mtaa mtu alikuwa ametuma video, na chini yake ameandika: "Barabara ya Lodwar leo. Mungu aturehemu."

Nilifungua bila kufikiria. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi. Lori limesimama katikati, limeinama upande mmoja. Kichwa cha buluu. Turubai la kijani. Lori la mume wangu lina kichwa cha buluu na turubai la kijani. Watu ng'ambo wanapiga kelele, "Toka! Toka! Ruka!" Lori linasogea kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Mlango wa dereva unaonekana. Namba za gari ziko chini ya maji. Kisha yule mwenye simu anateleza, picha inakuwa ya matope na anga, na video inakwisha.

Niliitazama tena. Na tena. Kila mara nilisema sasa nitaona mlango ukifunguka, sasa nitaona mkono, shati, kitu. Kila mara ilikatika mahali palepale. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani, na sindano ilikuwa imeshona kola ya sare ikaiunganisha na mkono wa shati.

Nilimpigia. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikampigia mwenye lori, tajiri wake.

"Mama, tulia kwanza," alisema, na sauti yake mwenyewe haikuwa imetulia. "Hata mimi namtafuta. Network ya huko imeanguka."

"Umeona video?"

Nilimsikia akifunga mlango. Halafu akasema, "Malori ya buluu ni mengi."

Hakusema si letu. Kama angeniambia si letu, ningekataa kumwamini, lakini angalau angekuwa amesema.

Sikutaka mtoto ajue. Niliinua kitambaa nikajifanya natafuta kosa. Yeye alikuwa amefika mwisho wa filamu, na badala ya kuiacha, alikuwa akiirudisha nyuma. Mlango, buti, miguu ya mama. Anarudisha. Mlango, buti, miguu ya mama.

"Mbona unarudia rudia?" nilimuuliza.

"Nataka kuona kama ni baba yake."

"Ni baba yake."

"Unajuaje, na hawaonyeshi uso?"

Miaka yote ile, hilo swali halikuwahi kunijia. Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Tulikuwa watu wawili kwenye chumba kimoja, yeye na skrini yake na mimi na yangu, kila mmoja akirudisha nyuma picha ambayo haikumwonyesha anachotaka.

Jioni mvua ikafika na kwetu. Kwenye grupu, wanawake walikuwa wameshaanza kuandika jina langu, vile wanavyoniita, mama wa fulani, na kuweka alama za mikono ya kuomba. Sijui ni nani aliyesema kwanza kwamba mume wangu huenda ndiye. Maneno kama hayo hayana mwenyewe. Muda si muda, lango likagongwa, wakaingia kina mama wawili wa kanisani kwetu, mabegani wamejitanda shuka, na mmoja amebeba mfuko.

"Tumekuja kukuona tu," alisema, akauweka mezani.

Ulikuwa na sukari na majani chai.

Nyinyi mnajua sukari na majani chai hupelekwa wapi. Niliuogopa ule mfuko kuliko video. Video ilikuwa mbali, huko jangwani, lakini mfuko ulikuwa kwenye meza yangu, karibu na daftari za mtoto. Nilitaka kuwaambia watoke. Nilitaka kuuchukua niutupe kwenye mvua. Badala yake nikasema, "Asanteni, karibuni mketi," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na wakaketi, na kuketi kwao kukazidi kuniogopesha. Watu wawili wakija kuketi, wa tatu anakuja. Wa nne akija, mtu anaanza wimbo.

Wa tatu alikuwa mama wa duka. Huyu ni jirani yetu mzee, watu wake wametoka Nyeri, na ana duka dogo pembeni mwa lango letu. Binti yangu humwita shosho, kama mtu amwitavyo nyanya yake. Aliingia akipangusa maji usoni, akautazama ule mfuko mezani, akanitazama.

"Mimi sijaleta kitu," alisema kwa sauti kubwa kidogo. "Sijasikia mahali popote kwamba kuna mtu amekufa."

Wale kina mama walitazama chini. Mimi nilipumua, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Ndipo stima ikapotea.

Nyumba ikawa giza, mvua ikasikika zaidi juu ya mabati, na binti yangu akapiga ukelele. Filamu ilikuwa imeanza tena na alikuwa karibu kufika mwisho.

"Sijaona mwisho! Mama, sijaona mwisho!"

"Umeuona tangu mchana."

"Sijauona huu!"

Alikuwa analia kwa namna ambayo si ya filamu. Watoto hawahitaji kuambiwa. Alikuwa ameiona sukari kama mimi. Mmoja wa wageni akawasha tochi ya simu, akaielekeza sakafuni isituumize macho.

"Basi mama yako atatuambia," shosho alisema. "Mimi hiyo sinema sijawahi kuona. Mama, tuambie inaishaje."

Sikuweza kukataa mbele ya mtoto. Nikaanza. Nikasema kuna nyumba milimani, na baba amepotea kwenye theluji, na farasi amerudi peke yake. Nikasema majirani wamekuja. Niliposema majirani wamekuja na vyakula, sikuutazama ule mfuko mezani. Nikasema mtoto anachoka, anaingia chini ya meza. Binti yangu, bila kuniuliza, akatoka kwenye kochi akaingia chini ya meza yetu.

Nikatazama sakafuni, mahali tochi ilipomulika. Nikaona champali za shosho, na raba za mama wa kanisani zenye matope, na miguu yangu mwenyewe. Sikuwa na viatu. Sikumbuki niliviacha wapi.

"Halafu?" mtoto alisema kutoka huko chini.

Halafu mlango unafunguka. Ni maneno matatu tu, lakini hayakutoka. Nilihisi nikiyasema na mlango usifunguke, nitakuwa nimemuua. Na nisipoyasema pia. Wote walikuwa wananingoja. Hata mvua ilikuwa kama imepunguza.

"Halafu mlango unafunguka," nikasema.

Na lango la nje likagongwa kwa kishindo, hatua zikaja mbio kwenye maji, na mlango wetu ukasukumwa. Mwanga wa simu ukaangukia gumboti mbili za mwanamume.

Mmoja wa wale kina mama alipiga kelele "Yesu!" Mimi nilikuwa nimesimama, miguu yangu imefika mbele ya zile gumboti kabla kichwa changu hakijafika. Na kutoka chini ya meza, binti yangu akaita, "Baba!"

Alikuwa jirani wa nyuma, mwalimu, koti limefunikwa kichwani.

"Samahani," alisema, "nilitaka tu kujua kama hata kwenu stima imepotea."

Maskini, hakujua lolote. Alitutazama mmoja mmoja akarudi kinyumenyume hadi nje. Binti yangu alikuwa bado chini ya meza, na sasa hakuwa analia. Shosho alipiga magoti na umri wake wote, akaingiza mkono, akamtoa.

"Huyo si baba," alimwambia. "Baba bado yuko njiani."

Nilitamani asingesema hivyo. Ahadi ya mtu mzima kwa mtoto ni kama maji kwenye karai, ukishalibeba huwezi kuliweka chini bila kumwaga. Lakini sikuwa na ahadi nyingine, nikaiacha hiyo.

Usiku ule sitausimulia. Wenye kungoja wanaujua.

Asubuhi, baada ya mvua, namba nisiyoijua ilipiga. Niliitazama simu ikilia. Shosho, aliyekuwa amelala kwenye kochi letu, akaniambia, "Shika, mama. Shika." Nikashika.

"Mama, ni mimi."

Niliketi sakafuni. Sikuamini. Nilihisi kama sauti pekee haitoshi, kama buti pekee zisivyotosha.

"Sema kitu kingine," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Alifikiri kidogo. "Nina njaa," akasema.

Hapo nikajua ni yeye. Nikalia mpaka shosho akaninyang'anya simu aongee naye mwenyewe.

Alikuja siku kadhaa baadaye, na kurudi kwake hakukufanana na filamu yoyote. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kununua vifungo pamoja na mtoto. Nyumba ilikuwa imefungwa, naye funguo zake zilikuwa zimepotelea kwenye matope. Tulipofika tulimkuta kwenye benchi la shosho, amelala ameketi, mdomo wazi, nusu mkate mapajani, shati limekauka matope hadi limekuwa gumu kama gunia. Sikusimama mbele yake kama yule mama wa filamu. Nilimpiga na mfuko wa vifungo begani. Nilimpiga tena. Aliamka akisema, "Nini? Nini?" na vifungo vikamwagika. Binti yangu alijificha nyuma ya kreti za soda, akakataa kutoka mpaka baba yake aoge, kwa sababu alisema anakaa kama mtu mwingine.

Jioni hiyo alinieleza. Lile lori la buluu halikuwa lake. Lilikuwa mbele yake. Alikuwa amekutana na dereva wa lori hilo kwenye hoteli ya kando ya barabara, kabla ya laga, wakaagiza chai na chapati. Hawakuwa wanajuana. Yule alikuwa amebeba kabeji, na kabeji hazingoji. Mume wangu alimwambia tungoje maji yashuke. Yule akasema zitaoza, mwenye mali atanimaliza. Maji yalikuwa bado hayajawa mengi. Akaingia.

Lori la mume wangu lilikwama matopeni kando ya laga, simu na funguo zikapotelea humo, akaliacha huko; ya yule mwenzake hakuyamalizia. Wiki zile zilizofuata, tangi letu likianza kujaa na maji kupiga kelele, alikuwa anatoka nje ya nyumba. Mimi niliyeogopa siku moja nilikuwa nimeanza kupona, na yeye ndiye alikuwa anaanza.

Jumapili moja binti yangu aliweka ile filamu. Baba yake alikuwa hana kazi, hana lori, basi akaketi naye, na kwa mara ya kwanza hakulala. Nilikuwa napepeta mchele, nikawa namwangalia yeye badala ya skrini. Mtoto akaingia chini ya meza, kamera ikaingia naye, viatu vya wageni, kipande cha mkate. Mlango ukafunguka. Buti. Niliona uso wa mume wangu ukibadilika rangi. Alisimama akatoka hadi uani.

Nilimfuata. Alikuwa ameshika kamba ya nguo kama mtu anayezuia asianguke.

"Wa kabeji," alisema. "Mwili wake bado haujapatikana."

"Najua."

"Aliniambia kwao ni mbele ya Soy, karibu na josho la ng'ombe. Wanamngoja, mama. Na mimi ndiye niliyekula naye wa mwisho."

Tulikwenda. Njia nzima nilikuwa na hofu, na sikujua naogopa nini hasa; labda kwamba watatuuliza kwa nini wetu amerudi. Pale Soy tuliuliza kwao dereva aliyepotea ni wapi, na watu walitutazama kwa upole wakatuonyesha. Kulikuwa na miti ya saiprasi, lango la mbao, na uwanja ambapo mahindi yalikuwa yameanikwa. Mume wangu alikuwa amevaa koti lake la kazi kwa sababu ya baridi. Alinitangulia. Alisukuma lango.

Mwanamke alikuwa ameinama kwenye mahindi kule mwisho wa uwanja. Aliinua kichwa. Aliona mwanamume langoni, koti la dereva, jua likiwa nyuma yake. Akaanza kukimbia.

Alikimbia juu ya mahindi, kiatu kimoja kikamtoka, hakuangalia nyuma. Nilimwona akija na nilijua anachokiona, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekiona mbele ya gumboti za mwalimu, na sikuweza kufanya kitu. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumvuta mume wangu nyuma na kufunga lango. Yeye alikuwa amesimama wima, amekufa ganzi, mkono bado juu ya mbao. Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata siku ya video. Siku ya video niliogopa kitu ambacho kingenipata. Sasa sisi ndio tuliokuwa kitu chenyewe.

Alisimama mbele yake. Alimtazama usoni.

"Samahani, mama," mume wangu alisema, sauti imepasuka. "Ni mtu mwingine tu."

Yule mama aliketi hapohapo chini kwenye mahindi. Mimi niliketi naye. Nikamshika mkono, na hakunikataza. Mzee mmoja, baba mkwe wake, alitoka ndani akitembelea fimbo, akatusalimu, nasi tukaeleza sisi ni kina nani. Tulidhani watatufukuza. Mzee alisema, "Mmekuja mbali. Ingieni mnywe chai."

Tulipokuwa tumepewa vikombe, yule mama alimgeukia mume wangu.

"Wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Chai na chapati. Alikula zake, halafu moja iliyobaki akaifunga kwenye gazeti. Akasema hii nitakula nikivuka."

Mdomo wake ulianza kutetemeka, na nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka, cheko dogo lililomponyoka. "Huyo ni yeye," alimwambia mzee. "Unasikia? Hawezi kuacha chapati."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Yule mama akakaa kidogo, akiviringisha kikombe. Halafu akauliza tena, polepole.

"Aliogopa?"

Mume wangu alinitazama. Najua alitaka nimsaidie, lakini hilo si swali la kujibiwa na mtu ambaye hakuwako.

"Aliogopa," akasema. "Sote tuliogopa. Alishuka kwanza akatupa jiwe majini, akasikiliza. Akatupa lingine. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia tungoje. Aliogopa, mama, lakini aliogopa pia hasara ya mwenye mali."

Nilidhani tumeharibu.

"Asante," yule mama alisema mwishowe. "Wote waliokuja hapa wameniambia hakuogopa, alikuwa shujaa. Nikawa najiuliza wanazungumza juu ya nani. Mume wangu alikuwa anaogopa hata fahali wa jirani."

Akacheka tena, na safari hii akalia kabisa, kwa sauti, na mzee akaacha fimbo yake ianguke akaja kumwekea mkono kichwani.

Mwili ulipatikana mvua zilipokwisha, mbali sana na pale alipoingilia. Mama yule alitupigia simu mwenyewe. Tulikwenda mazishini tukasimama nyuma, pamoja na madereva wengine waliokuja na malori yao wakayapanga barabarani, na mume wangu aliombwa aseme neno. Alisimulia habari ya chapati. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na nilimwona mjane akitazama nyuso zao moja moja, kana kwamba anahesabu waliomjua mume wake kweli.

Sasa mume wangu anabeba maziwa, mashambani hadi mjini, na kila jioni yuko nyumbani. Barabara ya Lodwar amekataa, na tajiri wake hakumlazimisha. Sijui kama atarudi huko siku moja. Hatuzungumzi juu yake. Mimi na yule mama wa Soy tumekuwa watu wa kupigiana simu. Huniletea maziwa ya mtindi akija mjini, nami nimemshonea sare za watoto. Hajawahi kuniuliza nilijisikiaje siku mume wangu aliporudi, na mimi sijamwambia. Lakini wingu likitanda upande wa milima, mmoja wetu humpigia mwenzake. "Kunanyesha kwenu?" nitamuuliza, naye atasema, "Bado," na tutakaa hivyo kwenye simu kidogo, kila mmoja akisikiliza kwake.